Mamangu ana mshipa mgumu mwekundu unaopanda pajani: ni wa kuchua au wa kukimbilia hospitali?

#1 MtotoWaKisauni
Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Nataka mwongozo na sina muda mwingi.

Mamangu ana miaka 58. Yuauza viazi karai na bhajia hapa Kisauni, Mombasa, kwa hivyo tangu alasiri hadi usiku yuko wima mbele ya moto. Mishipa ya miguu ilimvimba tangu alipomzaa kitinda mimba wetu, ile ya kijani iliyojipindapinda, na hajawahi kuijali. Majuzi mmoja umegeuka. Ukiupapasa ni mgumu kama kamba iliyozikwa chini ya ngozi. Ulianza chini kidogo ya goti upande wa ndani, sasa umevuka goti. Ngozi ya juu yake ni nyekundu, ina moto, na akiguswa tu aruka. Mguu wenyewe haujavimba sana.

Tulienda zahanati moja, wakamwangalia kwa macho, wakampa dawa ya maumivu na antibayotiki, wakasema "huo ni mshipa wa juu, hauna neno." Majirani nao wana yao. Mmoja asema ni matende yaanza, mwengine asema amekanyaga kitu alichotegewa, wa tatu ashampigia simu mchuaji aje na mafuta ya ufuta kesho asubuhi. Mimi swali langu ni moja: damu ikiganda kwenye mshipa wa juu, yaweza kumdhuru mtu au la?

#2 Tuktuk_Buxton
Pole ndugu. Mimi si mjuzi wa dawa, lakini huyo mchuaji mwambieni angoje kwanza mpaka wenye ujuzi waseme. Kuna mzee wa stendi yetu alichuliwa mguu hivyohivyo, usiku akaanza kutweta. Alipona, lakini alilazwa.

#3 BintiMajengo
Matende hayaji hivyo. Matende huletwa na minyoo ya kuambukizwa na mbu, na mguu huvimba polepole kwa miaka, ngozi ikawa nene. Kwa kawaida hauamki siku moja na mstari mwekundu wenye moto. Hilo la kutegewa silijibu, nisije nikagombana na watu usiku huu.

#4 FundiPicha
Kazi yangu ni kupiga altrasaundi. Kuandika dawa si kazi yangu, kwa hivyo nitasema yale ninayoyaona kwenye skrini.

Aliyewaambia ni mshipa wa juu huenda yuko sawa. Tatizo ni kusema "hauna neno" bila kuupima. Mguu una njia mbili za kurudisha damu moyoni: mishipa ya juu inayopita chini ya ngozi, na mishipa ya ndani iliyozama katikati ya misuli. Njia hizi zimeungana. Ule mkubwa wa juu, safena kubwa, waanzia kwenye kifundo cha mguu upande wa ndani, wapita kando ya goti, wapanda paja, na kule kinenani wamwaga damu yake ndani ya mshipa mkuu wa paja, ambao ni wa ndani. Njiani pia kuna vijishipa vinavyounganisha juu na ndani. Kwa hivyo bonge la damu lililoanza juu lina milango ya kuingilia. Likishaingia ndani, kipande chaweza kukatika, kikaenda na damu hadi upande wa kulia wa moyo, kikasukumwa mapafuni na kuziba. Hapo ndipo watu hufa.

Ukimleta mama yako kwangu sitaangalia pale penye wekundu peke yake. Naanzia kinenani nikishuka, nabonyeza mshipa kwa kifaa kila hatua. Mshipa wenye afya hubonyea kuta zikagusana. Wenye bonge hukataa. Nataka kujua bonge lina urefu gani, kichwa chake kimefika wapi, na mishipa ya ndani ikoje, tena miguu yote miwili, kwa sababu wapo ninaowakuta bonge la ndani liko mguu ule usiouma.

Urefu na mahali ndivyo vinavyoamua tiba. Kichwa cha bonge kikiwa ndani ya sentimita 3 kutoka pale safena inapomwaga kinenani, madaktari humtibu kama mwenye bonge la mishipa ya ndani, dozi kamili. Kikiwa mbali zaidi, lakini bonge lenyewe lina sentimita 5 au zaidi, kwa kawaida hupewa dozi ndogo ya kuzuia damu kuganda kwa siku 45. Likiwa fupi na limekaa kwenye tawi tu la varikosi, yaani ile mishipa iliyovimba na kujipindapinda, mara nyingi ni dawa ya maumivu, soksi za kubana, kutembea, na kurudi kupimwa baada ya wiki hivi kuona kama limepanda.

Na wekundu hudanganya. Bonge mara nyingi limefika juu kuliko pale kidole kinapoishia kuhisi ugumu. Wewe mwenyewe umeandika lilikuwa chini ya goti na sasa liko juu ya goti. Hilo linapanda. Usimngoje mchuaji wala Jumatatu.

#5 MzeeWaKibokoni
Vijana, kila kitu sasa ni mashine. Sisi mama zetu walichuliwa wakapona, na hijama ni sunna, haikuanza jana. Mguu ukijaa damu mbovu huumikwa ikatoka, mtu akapumzika. Leo mtu akiumwa ukucha aambiwa aende akapigwe picha, na picha yenyewe ni pesa. Msiwatishe watu.

#6 NesiPwani
Shikamoo mzee wangu. Hijama yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuipiga juu ya mshipa huu. Bonge liko ndani ya mshipa, chuku hailifikii. Lakini wembe utapasua ngozi iliyowaka tayari, juu ya varikosi iliyojaa damu, na mgonjwa mwenyewe huenda kesho akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Kidonda kitavuja. Na wadudu wakiingia kwenye bonge, linageuka usaha ndani ya mshipa: homa kali, kutetemeka, na hapo ni kulazwa na pengine kupasuliwa.

Kuchua nako ni hivyohivyo. Mguu wa kazi, uliochoka, chua upendavyo. Mshipa mgumu wenye moto usikandwe, kwa sababu hakuna anayejua kile kichwa cha bonge kimeshika kwa nguvu gani.

Sasa hizo antibayotiki. Wekundu na moto wa bonge la mshipa wa juu ni mwako wa mwili wenyewe, kwa kawaida hakuna mdudu yeyote pale. Watu wengi huku kwetu humaliza dozi nzima kutoka duka la dawa huku bonge likipanda, kisha wakarudi kusema dawa haikufanya kazi. Haikuwa na kazi ya kufanya.

Kuhusu swali lenyewe, kama hudhuru: zamani hata vitabu vya udaktari viliuita ugonjwa mwepesi. Mwaka 2010 ukatoka utafiti wa Ufaransa uliofuatilia wagonjwa 844 wenye bonge la mshipa wa juu mguuni, la sentimita 5 kwenda juu. Siku ile ya kwanza tu ya kupimwa, 210 kati yao, yaani robo, walikutwa tayari na bonge la mishipa ya ndani au bonge la mapafuni lenye dalili. Wale waliokuwa salama siku hiyo wakafuatiliwa miezi 3, na mmoja kati ya kumi akapata tatizo: bonge kuendelea, kurudi, kuingia ndani, na wachache sana mapafuni. Na wengi wao walikuwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda. Mimi sichukulii kwamba kila mama wa Kongowea mwenye varikosi ana hatari ya robo. Wale walikuwa wagonjwa waliofika kwa mabingwa wa mishipa, ambako hali mbaya ndizo zinazofika. Lakini inatosha kuacha kusema "hauna neno."

Mwaka huohuo ukatoka mwengine mkubwa zaidi, watu 3,002. Nusu walipewa sindano ya kuzuia damu kuganda, fondaparinaksi, miligramu 2.5 kila siku kwa siku 45, nusu sindano isiyo na dawa. Kwenye kila watu 1,000 wasio na dawa, 59 walipata matatizo. Waliopewa dawa, 9. Siku 45 anazozitaja FundiPicha zimetoka hapo.

#7 Tuktuk_Buxton
Nesi, hiyo dawa inayeyusha bonge?

#8 NesiPwani
La. Inazuia lisikue na jipya lisizaliwe. Kuyeyusha ni kazi ya mwili, na mwili hauna haraka. Ugumu waweza kubaki wiki nyingi baada ya maumivu kwisha, na ngozi ya juu yake ikaacha alama ya kahawia inayochelewa kufutika. Watu huona ule ugumu uko palepale wakadhani tiba imeshindwa, wakaacha dawa katikati. Msiache.

Na nyongeza kwa sababu tuko Mombasa. Ibuprofeni na diklofenaki husaidia sana maumivu ya mshipa huu, lakini mtu akiwa na homa na viungo vinamuuma msimu wa dengue, ile homa ya mbu inayoweza kumtoa mtu damu, asiziguse wala asimeze aspirini mpaka apimwe. Panadol inatosha. Na akishaanza dawa ya kuzuia damu kuganda, asichanganye na ibuprofeni bila daktari kujua, tumbo litamtoka damu.

#9 Dereva_Masafa
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi naendesha trela Mombasa kwenda Malaba na kupita. Sina varikosi hata moja. Lakini mwaka huu mstari kama huo ulinitokea mguu wa kushoto chini, ukapona wenyewe, kisha mguu wa kulia, ukapona, sasa mwengine uko juu ya mguu wa kushoto. Miaka 36. Navuta pakiti ya sigara kwa siku, na vidole vya miguu hupata ganzi na kuuma nikitembea. Ni kukaa sana kwenye usukani?

#10 FundiPicha
Kukaa muda mrefu kunachangia damu kuganda, shuka utembee kila unaposimama kupimwa mzigo. Lakini hilo lako si la usukani peke yake. Nesi njoo.

#11 NesiPwani
Kaka, wewe nakutaka kwa daktari wiki hii, na sikutishi bure.

Bonge la mshipa wa juu kwa mtu mwenye varikosi lina sababu inayoonekana. Bonge linalohama kutoka mahali hadi mahali, kwa mtu asiye na varikosi, linataka kutafutiwa sababu. Kwa mwanamume kijana anayevuta sigara, tena mwenye ganzi na maumivu ya vidole, la kwanza tunalofikiria ni ugonjwa wa Buerger. Huo huziba mishipa midogo ya kupeleka damu na ya kurudisha damu pia, na wanaoendelea kuvuta mara nyingi huishia kukatwa vidole, wengine mguu. Dawa yake kubwa ni kuacha tumbaku yote, ya kuvuta, ya kutafuna na ya kunusa. Kupunguza hakutoshi. Daktari atakupima mapigo ya damu kwenye miguu.

Jambo la pili ni saratani iliyojificha, hasa ya kongosho na viungo vingine vya tumbo. Daktari Armand Trousseau wa Paris alilieleza hili mwaka 1865, kisha mwenyewe akaota bonge kama hilo, akajua kilichomjia, akafariki kwa saratani mwaka 1867. Kwa umri wako sidhani ni hiyo, lakini mwambie daktari kama umekonda au chakula hakipandi.

#12 MzeeWaKibokoni
Dereva, sikiza maneno ya huyu binti. Hilo la sigara mimi pia nakuunga mkono.

#13 MtotoWaKisauni
Narudi na habari.

Kwanza, mchuaji alikuja, maana mama hakutaka kumvunjia heshima jirani aliyemwita. Ni bibi wa makamo, amechua nusu ya mtaa huu, wazazi na watoto wachanga. Aliweka mkono juu ya mshipa, akautoa, akasema: "Huu una moto na una fundo. Mimi siugusi. Mpelekeni." Akanywa chai na mahamri yake akaenda zake, na hakuchukua hata senti. Mzee wa Kibokoni, naona hapo tumekubaliana sote.

Mama tulimpeleka mjini. Altrasaundi ikaonyesha bonge la sentimita 17 ndani ya safena kubwa, kutoka chini ya goti hadi katikati ya paja. Kama alivyosema FundiPicha, mkono ulikuwa unahisi ugumu mpaka juu kidogo tu ya goti. Kichwa cha bonge kiko mbali na kinena, na mishipa ya ndani ya miguu yote miwili imekutwa safi. Daktari alimuuliza mambo mengi: kama aliwahi kuganda damu, kama ana vidonda vya tumbo, figo zikoje, kama yuko kwenye vidonge vya homoni, kama kuna ndugu wa damu aliyepata bonge. Amempa kidonge cha kuzuia damu kuganda, rivaroksabani, miligramu 10 mara moja kwa siku, siku 45, na soksi za kubana. Akasema utafiti wa baadaye uliilinganisha na ile sindano, haikuwa nyuma yake. Antibayotiki amezisimamisha.

Sasa kazi ni mama mwenyewe. Ataka kulala kitandani "damu itulie", akidhani hapo ndipo salama. Daktari amekataa: atembee, na akikaa ainue mguu, kusimama tuli mbele ya karai ndiko kubaya. Nimemnunulia stuli ndefu akaange ameketi. Asema wateja watamwona mvivu. Na soksi kwa joto hili la Mombasa, wallahi ni vita kila asubuhi.

#14 BintiMajengo
Soksi avae akiwa bado kitandani, kabla hajashuka, mguu ukiwa haujajaa. Akishasimama saa nzima hazipandi. Usiku azivue. Na mumpime mguu dukani kwa utepe, zinazobana chini ya goti kuliko kifundoni zinafanya kinyume.

#15 FundiPicha
Kabla ya soksi za nguvu, wahakikishe mapigo ya damu ya mguuni ni mazuri, hasa akiwa na sukari. Mguu usiofikiwa na damu vizuri ukibanwa, unaharibika.

Na mkimaliza siku 45, msiisahau varikosi yenyewe. Bonge limekwisha lakini mshipa mbovu uko palepale, na hilo ndilo linalorudisha wagonjwa kwangu. Moto ukishatulia, miezi kadhaa mbele, waulizeni mabingwa kuhusu kuuziba kwa leza au kuutoa kwa upasuaji. Varikosi iliyoachwa miaka huharibu ngozi ya kifundoni: inakuwa nyeusi, inawasha, mwisho kidonda kisichofunga. Au mshipa unapasuka bafuni, damu inaruka, mtu anakimbia huku na huku ameshika kichwa. Ikitokea, alale chini, mguu juu kuliko moyo, mtu abonyeze palepale kwa kitambaa safi bila kuachia. Kufunga kamba juu ya goti hakusaidii, hufanya damu itoke zaidi.

#16 MamaWaChangamwe
Samahani kuingilia. Ndugu yangu amejifungua kwa upasuaji, ana wiki nne sasa. Ana mstari mwekundu kwenye shavu la mguu kama wa mama yako, tangu siku tatu. Anaweza kutumia hiyo rivaroksabani? Ananyonyesha. Tuna mtu wa duka la dawa tunamjua.

#17 NesiPwani
Dada, dukani hapana. Mwenye mimba hapewi rivaroksabani, na anayenyonyesha kwa kawaida huwekwa kwenye sindano za heparini, nazo pia ni za kuzuia damu kuganda, ambazo haziingii kwenye maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto. Na wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua ndizo damu huganda kwa urahisi kuliko wakati mwengine wowote, upasuaji unaongeza. Huyo apigwe picha hata kama mstari ni mfupi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni asianze.

Mguu umevimba wote? Anapumua vipi?

#18 MamaWaChangamwe
Mguu umevimba kidogo kuliko mwenzake. Pumzi, tangu jana akipanda ngazi anatweta na anasema upande mmoja wa kifua unamchoma akivuta hewa. Tulidhani ni kidonda cha upasuaji. Tunapanga kumpeleka Ijumaa kliniki ya mtoto.

#19 NesiPwani
Ondokeni sasa hivi. Siyo kliniki, ni kitengo cha dharura cha hospitali kubwa. Asipande ngazi, asitembee hadi barabarani, gari lije mlangoni. Akizimia, akikohoa damu au midomo ikibadilika rangi njiani, msigeuke kutafuta kwengine, ingieni hospitali iliyo karibu.

Mkifika msianze na mguu, mtawekwa kwenye foleni. Semeni: amejifungua kwa upasuaji wiki nne zilizopita, mguu una dalili za damu kuganda, na tangu jana pumzi inakata na kifua kinachoma. Yote kwa pamoja, kwa mtu wa kwanza mnayemkuta. Mtoto aende na mtu mwengine wa kumshika.

#20 Tuktuk_Buxton
Dada, uko Changamwe sehemu gani? Nina mwenzangu wa teksi yuko Magongo hapo, nimeshampigia. Nitumie ujumbe wa faragha sasa hivi.

#21 MamaWaChangamwe
Nimekutumia. Tunamvisha kanga tunatoka.